Amicalola: Weka Kitanda Kwanza, Mbwa Afuate

Barabara ya Georgia 400 inaondoka Atlanta kwa foleni na kwenda kuishia miguuni mwa milima. Ukiiacha upande wa Dawsonville ukafuata barabara namba 53, kisha 183, kisha 52, unafika Amicalola Falls State Park, hifadhi ya jimbo la Georgia yenye maporomoko ya maji ya futi 729, yaani mita 222 hivi. Hakuna marefu zaidi yake katika jimbo zima. Maji hayaanguki kwa mruko mmoja kama ya Kalambo kule mpakani mwa Tanzania na Zambia. Yanashuka kwa madaraja, yakigonga mwamba mmoja baada ya mwingine, na ndiyo maana mgeni anaweza kuyafuata hatua kwa hatua kutoka chini hadi juu.

Kutoka Atlanta ni mwendo wa saa moja na nusu hivi kwa gari. Basi la umma halifiki. Kwa familia za Clarkston, mji mdogo mashariki mwa Atlanta ambako wakimbizi wengi kutoka Kongo wamepokelewa na Kiswahili ni lugha ya kawaida mtaani, hii ni safari inayowezekana kwenda na kurudi siku hiyohiyo. Jabali la Stone Mountain liko jirani yao, lakini hilo ni mwamba mmoja uliosimama peke yake. Milima yenyewe, ile inayopandana mgongo kwa mgongo hadi Maine, inaanzia huku.

Kwenda na kurudi hakuna shida. Kulala ndiko kunakotaka mipango, na kama nyumbani kuna mbwa, mipango hiyo ianze mapema zaidi. Watu wengi huanza na swali la mbwa: je, anaruhusiwa? Swali hilo halina jibu moja, kwa sababu sheria ya mbwa Amicalola hufuata mahali utakapolala. Chagua kitanda, na mengine yote, kuanzia chakula na gharama hadi njia utakayopanda na hatima ya mbwa wako, yatajipanga nyuma yake.

Kwanza ijulikane nani mwenye mamlaka. Hifadhi ya jimbo, kama hii, iko chini ya idara ya maliasili ya Georgia. Msitu unaoizunguka, Chattahoochee, ni mali ya serikali kuu na una taratibu zake. Hifadhi za taifa, kama Great Smoky Mountains iliyo kaskazini zaidi, zina mamlaka nyingine na ukali mwingine: huko Smoky mbwa anaruhusiwa kwenye njia mbili fupi tu za miguu. Msomaji aliyekulia Kenya au Tanzania amezoea kwamba mbwa haingii hifadhi ya taifa kabisa, na kwamba pa kumtembeza ni mahali kama msitu wa Karura, Nairobi, akiwa amefungwa kamba. Hifadhi za majimbo ya Marekani zimekaa katikati ya hayo mawili. Mbwa anakaribishwa, ila si kila mahali, na kamwe haachiwi huru.

Basi, vitanda. Viko vya aina nne.

Loji iko juu ya mgongo wa mlima, ina mgahawa na madirisha makubwa yanayotazama mabonde. Inawafaa wazee, wenye watoto wachanga, na yeyote asiyetaka kupika. Ni hoteli ya kawaida yenye mandhari isiyo ya kawaida, na hakuna la kuongeza juu yake zaidi ya tahadhari moja: barabara ya kufika juu ni ya mwinuko mkali sana, unaofikia asilimia 25. Dereva asiyezoea atumie gia ndogo wakati wa kushuka, asikanyage breki mfululizo hadi zinuke.

Aina ya pili ni nyumba ndogo zenye jiko kamili, vyombo, mashuka na sehemu ya kuchoma nyama nje. Hapa ndipo familia kubwa inapopata nafuu. Nyumba moja yenye vyumba kadhaa, ikigawanywa gharama kati ya ndugu wawili watatu, mara nyingi inashinda vyumba vya hoteli, na hakuna anayemlazimisha mtu kula asichokijua. Unga, mafuta, viungo na nyama vibebwe kutoka mjini. Anayetafuta nyama halali ainunue kabla ya kuondoka Atlanta, maana njiani baada ya Dawsonville maduka ni machache. Utaratibu wa hifadhi za Georgia ni kuingia nyumbani kuanzia saa kumi alasiri na kutoka kabla ya saa tano asubuhi. Nyumba hizi pia mara nyingi zinadai usiku mbili au zaidi mwishoni mwa wiki, jambo linalowashangaza wanaofikiri watalala Jumamosi tu.

Ya tatu ni uwanja wa mahema, wenye umeme, maji na bafu za pamoja. Ni rahisi kuliko vyote, na kwa mwenye mbwa ndio usio na maswali mengi. Lakini mwinuko uleule wa barabara unauhusu: mwenye trela refu aulize ofisini kabla ya kulivuta hadi huko.

Ya nne haifikiwi kwa gari.

Len Foote Hike Inn, iliyofunguliwa mwaka 1998 na kupewa jina la mhifadhi wa wanyamapori aliyekuwa pia mpiga picha, iko maili tano ndani ya msitu, kama kilomita nane. Mgeni anajiandikisha kwanza kwenye kituo cha wageni cha hifadhi, anaacha gari juu ya maporomoko, kisha anafuata alama za kijani kibichi zilizopakwa kwenye miti. Mwendo ni wa saa mbili hadi nne kutegemea miguu na idadi ya watoto. Kuondoka kusipite saa nane mchana, kwa sababu chakula cha jioni huliwa saa kumi na mbili, wote pamoja, kwenye meza ndefu, sahani zikipitishwa mkono kwa mkono. Vyumba ni 20, vina vitanda vya ghorofa, mashuka na taulo zipo, maji ya kuoga ni ya moto. Vyoo havitumii maji. Uchafu hugeuzwa mboji. Simu na vifaa vya kielektroniki wageni wanaombwa kuvizima, na hata asiyeombwa angelazimika, maana mtandao ni wa kubahatisha.

Kwa maoni ya mwandishi huyu, hiki ndicho kitanda bora katika hifadhi nzima, hasa kwa mtu asiyekuwa na vifaa vya kambi. Hahitaji hema, jiko wala godoro la kukunja. Begi la mgongoni lenye nguo za kubadili, koti la mvua, tochi, maji na dawa zake linatosha. Anatembea kama mpanda mlima na kulala kama mgeni wa heshima. Kasoro ni moja na haina msamaha: wanyama wa kufugwa hawaruhusiwi. Mwenye mbwa anayeitaka Hike Inn atafute ndugu au jirani wa kumwachia. Kumfunga mbwa ndani ya gari na kupanda zako ni ukatili, na kunaweza kumuua. Gari lililofungwa madirisha linapanda joto haraka mno hata siku isiyoonekana kuwa kali, na wewe uko maili tano mbali.

Sasa mbwa mwenyewe. Kanuni za hifadhi za jimbo la Georgia ni fupi. Mbwa awe kwenye kamba isiyozidi futi sita, chini kidogo ya mita mbili, wakati wote. Ile kamba ya kujivuta inayorefuka mita tano haifai, hata kama mwenyewe anasema mbwa wake ni mpole. Asiachwe peke yake. Kinyesi chake kiokotwe kwa mfuko na kitupwe kwenye pipa. Mfuko uliofungwa vizuri na kuachwa kando ya njia ni takataka kama nyingine. Kwenye majengo na kwenye fukwe za kuogelea haingii. Kwenye njia za miguu na uwanja wa mahema, karibu.

Penye utata ni nyumba za kulala. Kanuni ya jumla ni kwamba mbwa hatakiwi ndani, isipokuwa katika nyumba chache zilizotengwa kwa ajili ya wenye mbwa. Nyumba hizo zinatakiwa kuombwa kwa jina wakati wa kuweka nafasi. Kuna ada ya ziada kwa kila mbwa, isiyorudishwa, na mbwa wasizidi wawili. Kuwa na nafasi katika nyumba ya kawaida halafu kufika na mbwa, ukitegemea huruma ya mtu wa mapokezi, ni njia ya uhakika ya kuharibu safari: nyumba zilizotengwa zitakuwa zimeshachukuliwa, na hakuna wa kukubadilishia. Mwenye paka au kasuku aulize kabla, asidhani kwamba ruhusa ya mbwa ni ruhusa ya wote.

Utaratibu huu una faida kwa upande wa pili, ambao miongozo mingi ya Kimarekani haiutaji. Waislamu wengi wa pwani ya Afrika Mashariki ni wa madhehebu ya Shafii, ambako mate ya mbwa ni najisi yenye utaratibu wake maalumu wa kutoharisha. Familia inayotaka kuswali ndani bila wasiwasi iombe nyumba ambayo haimo kwenye orodha ya wenye mbwa. Ni ombi la kawaida, linafanana na la mtu mwenye mzio wa manyoya, na halihitaji maelezo marefu.

Mbwa wa huduma ana hukumu tofauti. Sheria ya Marekani ya mwaka 1990 ya watu wenye ulemavu inamruhusu mbwa aliyefunzwa kazi maalumu, kama kumwongoza asiyeona, aende na mwenyewe mahali ambapo umma unaruhusiwa. Mfanyakazi anaweza kuuliza mambo mawili tu: je, mbwa huyu anahitajika kwa sababu ya ulemavu, na amefunzwa kufanya kazi gani? Cheti hakidaiwi. Lakini mbwa wa kuliwaza tu, hata akiwa amevikwa kizibao kilichonunuliwa mtandaoni, haingii katika fungu hilo.

Hata pale anaporuhusiwa, mbwa si lazima aende kila mahali. Njia maarufu ya Amicalola ni ngazi, 604 kwa jumla, zinazopanda kando ya maji kutoka bondeni hadi kileleni. Mwishoni mwa wiki watu wanapishana kwa mabega. Mbwa mdogo atachoka, mkubwa atawazuia wengine, na mwoga atagoma katikati, mahali ambapo kumbeba ni adhabu. Mpeleke badala yake kwenye vijia vya msituni vilivyo pembeni, ambako kuna kivuli na watu wachache. Bakuli la maji lisisahaulike. Cheti cha chanjo ya kichaa cha mbwa kibebwe pia, kwa sababu Georgia inadai kila mbwa awe amechanjwa, na siku mbwa wako atakapomng'ata mtu ndiyo siku karatasi hiyo itakapotafutwa.

Kwa miguu ya binadamu, ushauri ni kuanzia katikati. Kuna maegesho kwenye ubavu wa mlima ambako njia tambarare, yenye sakafu laini, inakwenda moja kwa moja hadi daraja lililo mbele ya maporomoko. Bibi mwenye fimbo anafika. Kiti cha magurudumu kinafika. Na mandhari ya pale darajani, maji yakirusha ukungu usoni, ndiyo mazuri kuliko yote. Juu kabisa unaona mabonde zaidi kuliko maji. Wenye nguvu waanzie chini, wapande ngazi zote, wawakute wazee wao darajani.

Kutoka nyuma ya kituo cha wageni, chini ya tao la mawe, inaanza njia nyingine yenye sifa kubwa: maili 8.5, kama kilomita 13.7, hadi kilele cha Springer chenye futi 3,782. Hapo ndipo unapoanza mkondo wa Appalachian Trail, unaokatiza majimbo 14 kwa zaidi ya kilomita 3,500 hadi mlima Katahdin, Maine. Springer ilifanywa mwanzo wa kusini mwaka 1958. Kabla ya hapo njia ilianzia mlima Oglethorpe, kusini zaidi. Huko Oglethorpe ndiko alikoanzia Emma Gatewood mwaka 1955, bibi wa miaka 67, akaitembea njia yote peke yake hadi mwisho. Machi na Aprili mgeni atakutana na vijana na wastaafu wenye mabegi mazito wakianza safari ya miezi. Baadhi huongozana na mbwa, na wanajua kwamba baada ya kilomita 265 hivi, wakifika Smoky, itabidi mbwa apelekwe kwa gari upande wa pili.

Asiye na mazoezi asijaribu kwenda Springer na kurudi kwa siku moja. Kilomita 27 za kupanda na kushuka si matembezi.

Msitu huu una wenyewe. Dubu weusi wapo, na shida yao kubwa ni chakula cha wageni. Chakula chote, hata dawa ya meno na chakula cha mbwa, kikae ndani ya gari lililofungwa au ndani ya nyumba, kisilale hemani. Dubu akionekana, simama, ongea kwa sauti, rudi nyuma polepole, usikimbie. Kamba ya mbwa ina maana hapo kuliko mahali pengine popote: mbwa aliyeachiwa humfukuza dubu, dubu hugeuka, na mbwa hukimbilia kwa mwenyewe akiwa ameleta mgeni nyuma yake. Nyoka wenye sumu nao wapo, yule mwenye njuga mkiani na kopahedi mwenye rangi ya majani makavu, hivyo mkono usiingizwe chini ya jiwe au gogo lisiloonekana nyuma yake. Kuanzia majira ya kuchipua, kagua kupe mwilini na kwenye masikio ya mbwa kila jioni. Na mmea wa majani matatu matatu unaotambaa kando ya njia usiguswe: unawasha kama upupu, ila mwasho wake hudumu kwa siku nyingi, na mbwa aliyeupitia anaweza kukuletea kwenye manyoya.

Taratibu nyingine ni za kawaida. Hifadhi hufunguliwa saa moja asubuhi hadi saa nne usiku, na kuanzia saa nne usiku hadi saa moja asubuhi ni muda wa kimya kwa wanaolala humo. Muziki uzimwe, hata wa harusi ya binamu. Pombe hairuhusiwi hadharani, jambo la kuchekesha kidogo ukizingatia jirani: Dawsonville ilipata jina kwa gongo iliyopikwa milimani, na madereva waliokuwa wakiikimbiza Atlanta usiku ni miongoni mwa waliozaa mbio za magari za Marekani. Moto uwashwe kwenye mduara wake tu, na kuni zinunuliwe hukohuko, maana kuni za mbali hubeba wadudu wanaoua miti. Anayetaka kuvua samaki kijitoni awe na leseni ya jimbo akiwa na miaka 16 au zaidi.

Gharama ya kuingia hutozwa kwa gari, si kwa kichwa, kwa hiyo gari la watu saba linalipa sawa na la mtu mmoja. Kuna njia ya kutolipa kabisa ambayo wageni wengi wa Georgia hawaijui: maktaba za umma za jimbo huazimisha kadi ya kuegesha gari katika hifadhi za jimbo. Mwenye kadi ya maktaba anaichukua kama anavyochukua kitabu, na kuirudisha vivyo hivyo. Kadi chache hugombewa miezi ya joto, hivyo iulizwe wiki kadhaa mapema.

Kuhusu wakati, Oktoba ndio mwezi mzuri na ndio mwezi mbaya. Majani hubadilika rangi kuanzia mwishoni mwa Oktoba hadi mwanzoni mwa Novemba, tufaha za mji wa Ellijay zimeiva, na jirani na lango la hifadhi kuna shamba la maboga la Burt's linalovuta familia kutoka kote Georgia. Foleni ya barabara namba 52 Jumamosi ya Oktoba haina tofauti na ile ya Atlanta uliyoikimbia. Januari na Februari miti haina majani, baridi ni kali asubuhi, lakini mabonde yanaonekana hadi mbali, maji ni mengi, na vitanda vinapatikana. Aprili nayo inafaa, mradi koti la mvua lipo.

Nafasi za hifadhi za Georgia zinaweza kuwekwa hadi miezi 13 kabla, na nyumba za wenye mbwa katika wikendi za majani ndizo zinazokwisha kwanza. Hike Inn ina utaratibu wake wa kuweka nafasi, tofauti na wa loji na nyumba ndogo, kwa hiyo usiitafute kwenye orodha moja nao. Ukikuta Amicalola imejaa, jaribu Vogel, hifadhi ya mwaka 1931 iliyo kando ya ziwa Trahlyta chini ya mlima Blood, au Unicoi karibu na mji wa Helen. Mpigie mtu wa mapokezi kabla ya kulipa, mtajie idadi ya watu, umri wa mzee kuliko wote na uzito wa mbwa, kisha mwache akuambie ni nyumba ipi.